Sura ya Nane ya Mzee Wekesa

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo imekataa kutoka kichwani mwangu. Nimezaa, nimelea, nimezika, nimesahau hata majina ya watu niliosali nao kanisa moja miaka ishirini. Lakini Jumamosi ile ningali naiona: ukumbi wa mtaa umejaa hadi madirishani, vumbi jeupe la ziwa liko kwenye viatu vya kila mtu, na mzee mmoja wa reli amesimama katikati ya watu wanaomcheka. Walimcheka kwa sababu yangu. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, gauni limepigwa pasi, nikanyamaza.

Nakuambia leo kwa sababu ya jana. Jana ulinisomea barua ya shangazi yako kwenye hiyo simu yako, ukafika katikati ukasema, "Zilizobaki ni salamu tu, nyanya." Nilikunywa chai yangu. Macho yangu hayaoni herufi tena, hiyo ni kweli, lakini masikio yapo, na yalikusikia ukiruka. Usinune. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Kaa hapo nikueleze, na usiangalie mlango.

Ilikuwa miaka ya hamsini inaelekea mwisho. Mimi nilikuwa Truphena, msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane kwa wamisheni, nakaa na mjomba wangu kwenye nyumba za reli hapa Nakuru. Na nilijiona mimi nani! Wakati ule msichana anayesoma mbio bila kufuata mstari kwa kidole ungemtafuta mtaa mzima. Watu walikuwa wananiletea barua zao za nyumbani niwasomee, nami nazishika kwa vidole viwili, nakohoa kwanza, ndipo naanza. Ungeniona ungenichukia.

Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa ukumbi wa mtaa. Vitabu vilikuja kwa garimoshi ndani ya masanduku ya mbao yenye kufuli, na rafu zenyewe zilitengenezwa kwa mbao za masanduku yaliyovunjika. Mwenye kuitunza alikuwa Mwalimu Elisha, mwanamume mwembamba mwenye koti moja la kijivu, na nakuambia sijaona tena mtu wa aina yake. Sanduku likifika stesheni hakungoja kuletewa. Alienda mwenyewe na mkokoteni, akavua lile koti akalifunika sanduku, mvua ikamnyeshea yeye. Sisi wasichana tulikuwa tunamcheka. Sasa nikikumbuka natamani ningemshikia mwavuli.

Mwalimu aliona kwamba wanaoazima vitabu ni walewale, makarani na walimu, watu kumi na wawili hivi, na mji wote unapita nje ya mlango kama chumba kile ni cha kuhifadhia majembe. Ndipo akaja na wazo lake. Mji mzima usome kitabu kimoja. Kitabu kilekile, miezi ileile, anayejua kusoma na asiyejua, mpagazi, muuguzi, mama wa sokoni, mchumaji wa pareto. Halafu siku moja wote wakutane ukumbini wakizungumze.

Usifikiri lilikuwa jambo jepesi. Ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari ya mkoloni, na watu kukusanyika tu ilitaka karatasi ya ruhusa. Jirani alikuwa anamtazama jirani kwa pembe ya jicho. Mwalimu alienda maofisini kofia mkononi, akaambiwa rudi kesho, akarudi, akaulizwa hao watu wanataka kusoma nini hasa, akakitoa kitabu, akawasomea hapohapo mezani. Walichoka naye. Mwishowe wakampa karatasi yake.

Nakala zilikuwa kumi na mbili. Moja ilienda Bondeni, moja sokoni, moja kwa wauguzi hospitalini, moja kwetu nyumba za reli. Nyingine zilipanda malori ya maziwa zikaenda mashambani, Njoro huko, na upande wa Kiamunyi, ambako siku hizo hakukuwa na haya majumba yenye mageti unayoyaona, ilikuwa ngano na ng'ombe wa mzungu hadi upeo wa macho. Kila nakala ilikuwa na kikundi chake, na kila kikundi kilikuwa na msomaji wake wa kukisoma kwa sauti Jumamosi alasiri, watu wakishatoka kazini. Msomaji wa nyumba za reli nilikuwa mimi. Nani mwingine?

Sasa sikiliza hili vizuri. Ndani ya jalada la nyuma Mwalimu alikuwa amebandika karatasi. Ukimaliza kitabu, unatia sahihi. Kama umesomewa, unatia dole gumba, na Mwalimu alituma kikopo chenye kitambaa cha wino wa zambarau kwa kazi hiyo. Karatasi ilisema: mimi nimekisikia kitabu hiki chote. Basi. Watu waliogopa mwanzoni. Dole walikuwa wamezoea kulitia kwenye kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, na kwenye mikataba ya shamba, mambo ya kulazimishwa. Walidhani nyuma ya wino kuna mtego.

Aliyewatoa hofu kwetu alikuwa Mzee Wekesa. Alikuwa mtu wa gengi, wale wa kushindilia kokoto chini ya mataruma ya reli, miaka thelathini juani kati ya hapa na Nairobi. Herufi hakujua hata moja. Lakini aliposikia kuna kitabu cha watu wote, alizunguka mlango hadi mlango. "Njooni tusomewe," anasema. "Mnangoja nini, mpaka mzeeke?" Na yeye mwenyewe ndevu nyeupe! Watu walicheka wakaja. Kikundi cha reli kikawa kikubwa kuliko vyote vya mji, tukawa tunajaza ule ua wa bomba la maji, kina mama na nguo zao za kufua, wanaume na viti vyao. Mzee Wekesa alikaa mbele kabisa juu ya ndoo iliyofunikwa kichwa chini.

Na alikuwa anachosha! Haki ya Mungu, yule mzee alikuwa anachosha. Kila ukurasa ananisimamisha. "Hapo rudia." Narudia. "Huyo ng'ombe alikuwa rangi gani?" Hawakuandika, mzee. "Hawakuandika? Mtu anaandika ng'ombe na hasemi rangi?" Halafu anageuka anajadiliana na watu, rangi gani, mpaka waafikiane, ndipo naruhusiwa kuendelea. Wenzake walifurahia sana. Mimi nilikuwa nauma meno.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya ndugu wawili, Musa na Daudi. Musa, mkubwa, alienda mbali kutafuta kazi, mdogo akabaki na baba. Baba akafa. Musa akapelekewa habari, hakuja. Daudi akamzika baba peke yake. Pale Mzee Wekesa alitema mate pembeni. "Mtu asiyezika babake! Huyo Musa si mtu." Kila jina la Musa likitajwa anatema tena. Mimi nilidhani ni tabia yake tu ya kupenda hadithi.

Basi, kosa langu. Kulikuwa na kijana fulani wa garimoshi la Kisumu. Jina lake silitaji, babu yako hakupenda kulisikia akiwa hai na sitaki kumsumbua alipo. Garimoshi hilo lilikuwa linafika Jumamosi saa kumi na nusu, linasimama kidogo, linaendelea Nairobi. Siku hiyo tulikuwa tumemaliza sura ya saba, saa kumi imeshapita, na sura ya nane nikiipima kwa kidole naiona nene, kurasa kumi na saba. Kumi na saba, na Mzee Wekesa juu ya ndoo yake, na rangi za ng'ombe! Nikaona hatutatoka hapo.

Nikalamba kidole, nikazishika zile kurasa zote kwa pamoja, nikazigeuza kama ni karatasi moja, nikaanza sura ya tisa. Na ili mambo yashikane nikaongeza sentensi yangu mwenyewe: "Siku zikapita, Daudi akaendelea na kazi zake." Tamu kabisa. Nilijipongeza hata. Hakuna aliyejua. Nilisoma ile ya tisa, fupi, nikafunga kitabu, Mzee Wekesa akanipa biskuti aliyokuwa ameniwekea mfukoni, akasema, "Asante, mama, umetusomea vizuri," nami nikakimbia stesheni na biskuti mdomoni.

Jumamosi iliyofuata tukafika mahali Daudi anaenda kutazama kaburi la baba, anakuta limepangwa mawe vizuri, makubwa kwa madogo, fisi hawezi kulifukua. Mzee akainua mkono. "Ngoja. Hayo mawe yaliwekwa na nani?"

Hapo Mungu alikuwa amenifungulia mlango nitoke, mwanangu. Ningesema, mzee, nisamehe, kuna mahali niliruka. Wangenikaripia, tungerudi nyuma, yangeisha. Lakini nilitazama ile miguu yote imenyooshwa mbele yangu, watu wote wale wananiamini, nikaona aibu. "Majirani," nikasema.

"Majirani wema," akasema Mzee Wekesa, akatikisa kichwa, akaridhika.

Kitabu kilipoisha yeye alikuwa wa kwanza kutia dole. Alilipangusa kwenye suruali, akalichovya kwenye wino, akalibonyeza polepole kwenye karatasi, akalitazama. "Maisha yangu nimetia dole mara nyingi," akatuambia. "Hili ni la kwanza nimetia kwa kupenda." Nilisikia kitu kikinichoma, lakini kidogo tu. Nilikuwa na mambo yangu.

Kwa maana mambo yangu yalikuwa makubwa. Mwalimu Elisha alikuwa anatafuta msaidizi wa maktaba, na ilijulikana kwamba atamchagua katika wasomaji. Kazi ya ndani, mwanangu, ya kivulini, yenye ufunguo! Msichana wa Kiafrika mwenye ufunguo wa nyumba ya vitabu! Nilikuwa naota hiyo kazi mchana macho wazi.

Ikaja ile Jumamosi ya ukumbini. Ningekuwa na maneno ya kutosha ningekuonyesha ilivyokuwa nzuri. Wachumaji wa pareto walikuja na lori wakiimba, wamejifunga vitambaa vipya. Wauguzi walikuja na sare zao nyeupe, wafanyabiashara wa Bondeni na kofia zao, watu wa mashamba ya Kiamunyi kwa miguu, vumbi hadi magotini. Watu ambao mwaka uliotangulia wasingesalimiana barabarani, leo wanaulizana, "Wewe ulilia wapi? Mimi nililia pale mbwa alipopotea." Kwa sababu ya kitabu! Mwalimu Elisha alisimama mlangoni na lile koti lake, anapokea kila mtu kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na maji. Mji mzima ulikuwa mbele yake, wote wamesoma kitu kimoja.

Alianza na kunisimamisha. Alisema kikundi cha reli kimekuwa na watu wengi kuliko vyote, na kwa hiyo msomaji wake, Truphena, ndiye atakayekuwa msaidizi wa maktaba. Akanipa ufunguo. Akanipa na nakala ya kitabu iwe yangu kabisa. Watu wakapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, mikono yake mikavu ikilia kama mbao, ni Mzee Wekesa. Tena ni yeye aliyewaleta hao watu wengi, siyo mimi.

Halafu Mwalimu akaanza maswali. Akauliza, "Nani anaweza kutuambia, yale mawe ya kaburini yaliwekwa na nani, na kwa nini alifanya kwa kujificha?"

Kabla sijapumua, Mzee Wekesa ameinuka, amevua kofia, ameishika kifuani. Alikuwa mtu wa kwanza kuongea siku ile, na alijitayarisha kama mtu anayeenda kortini. "Ni majirani," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Majirani wema. Kwa sababu yule Musa, mwana mkubwa, alikuwa mtu bure. Alishindwa kuja kumzika babake."

Ukumbi ukapasuka. "Ni Musa!" wakapiga kelele toka pande zote. "Ni Musa mwenyewe, mzee!" Wauguzi walishikana mabega kwa kicheko. Karani mmoja kijana, mwenye kalamu mbili mfukoni, akasimama. "Mzee, wewe ulilala sura ya nane!"

"Sikulala," akasema Mzee Wekesa.

"Ulilala! Na dole lako liko hapa kwenye karatasi, linasema ulisikia kitabu chote!"

Wakacheka tena, zaidi. Watu wetu wa reli walitazamana. Mama mmoja akafungua mdomo, amechanganyikiwa. Mzee Wekesa akageuza kichwa polepole, akanitazama. Mara moja tu. Nikaona ameelewa kila kitu, zile kurasa, ile haraka, wale majirani wema. Nami nikainamisha macho nikatazama ufunguo wangu.

Akamgusa yule mama bega, anyamaze. "Basi," akasema, "pengine nililala." Akavaa kofia yake, akaketi.

Nilienda nyumbani na ufunguo, na kitabu, na makofi yote yale, na sikuweza kumeza chakula. Mjomba alidhani ni furaha.

Jumapili, kanisa lilipotoka, nilikwenda kwake. Nilimkuta nje ya mlango wake anashona kiatu, mkewe, Mama Nekesa, anamenya ndizi. Nilipiga magoti palepale kwenye kokoto. "Mzee, niliruka," nikasema. "Sura nzima. Na mawe nilikudanganya. Nisamehe, mzee." Nililia, sikufichi, nililia hadi kamasi.

Alishona tundu mbili tatu kwanza. "Inuka, utaumia magoti," akasema. Halafu, "Unafikiri kinachoniuma ni kicheko? Kicheko ni upepo. Kwenye gengi ya reli nimechekwa miaka thelathini."

"Ni nini, mzee?"

"Mambo mawili." Akainua lile dole lake, bado lina zambarau ukuchani. "Hili dole limesema uongo mbele ya mji mzima. Mimi sijui kuandika, sijui kusoma, nilicho nacho ni hili tu. Nilikupa wewe uliongoze, ukaliongoza vibaya." Akaliangalia kama si lake. "La pili, nimemtukana mtu asiye na makosa."

Nikamwambia, mzee, lakini Musa ni mtu wa kitabu tu.

Aliniangalia kwa ukali ambao sijausahau. "Mimi nina ndugu," akasema. "Mkubwa wangu. Nyongesa, yuko Longonot, naye ni wa reli. Mama alipokufa hakuja. Miaka tisa sasa garimoshi linanipitisha mbele ya nyumba yake, namwona pale stesheni, nageuza uso. Wewe ulipokuwa unasoma nilikuwa nasema, ona, hata kitabu kinakubaliana na mimi." Akaweka kiatu chini. "Umekuja na kitabu?"

Nilikuwa nimekuja nacho. Akaingia ndani akatoa ile ndoo, akaigeuza kichwa chini, akaketi. "Haya. Soma zile ulizoniibia."

Nikasoma. Sikuruka hata nukta. Nilisoma jinsi Musa alivyopata habari ikiwa imechelewa, jinsi daraja lilivyochukuliwa na maji akazunguka kwa miguu siku nne, jinsi alivyofika akakuta udongo umeshashindiliwa na watu wameondoka. Jinsi alivyosimama nyuma ya mahindi akamwona ndugu yake kwa mbali, akaona aibu kumkabili. Kisha akaanza kuokota mawe mtoni, moja moja, kifuani, siku nzima, akayapanga juu ya baba yake. Alipomaliza akarudi alikotoka bila kuonwa na mtu.

Mzee Wekesa hakunisimamisha hata mara moja. Mama Nekesa aliacha kumenya, kisu mkononi. Nilipofunga kitabu tukasikia kuku wakiparura. Kisha yule mzee akapangusa uso kwa kiganja, chote kwa mara moja, na akauliza kwa sauti ndogo, "Mawe mangapi?"

"Hawakuandika, mzee."

"Hawakuandika," akasema. Safari hii hakubishana.

Jumatatu asubuhi alipanda garimoshi, siyo na gengi, kama abiria, amevaa kile kiatu alichokishona. Akashuka Longonot.

Na mimi Jumatatu hiyohiyo nilienda maktaba, kabla ya kazi yangu kuanza, nikamwambia Mwalimu Elisha yote, pamoja na garimoshi la Kisumu na yule kijana. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti, na ningefurahi kama angepaza. Alinyoosha mkono tu. Nikampa ufunguo. "Truphena," akaniambia, "sauti nzuri ya kusoma nitapata kwa wengine. Nilikuwa nadhani nimepata na jambo la pili, uaminifu." Kisha akasema Jumamosi inayokuja watu watakuwa ukumbini kupanga kitabu kinachofuata, na huko nitayasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu huko ndiko mzee alikochekwa.

Aibu niliyoona siku hiyo! Nilisimama mbele ya wauguzi, wapareto, yule karani wa kalamu mbili, nikasema, "Mzee Wekesa hakulala. Mimi niliruka sura ya nane, na yeye akanifunika." Nilidhani watanizomea. Hawakuzomea. Karani aliinuka, akaenda hadi alipokuwa Mzee, akamshika mkono, akamwomba radhi. Namheshimu kwa hilo, na kalamu zake zote mbili.

Mwalimu akaleta ile karatasi na kikopo cha wino. Mzee Wekesa akatia dole la pili kando ya lile la kwanza, akalibonyeza kwa nguvu, akalipuliza likauke. "Sasa ni kweli," akasema.

Na hakuwa peke yake. Kando yake aliketi mzee mwingine, mrefu zaidi, pua ileile. Walizungumza nini huko Longonot mimi sikuambiwa, na sikuuliza. Tulipokusanyika uani alasiri hiyo kulikuwa na ndoo mbili zimegeuzwa kichwa chini. Nikatoa kitabu, nikauliza tuanzie wapi, maana sisi tumeshakimaliza.

"Anza mwanzo," akasema Mzee Wekesa. "Huyu hajasikia."

Nikaanza mwanzo. Na nikuchekeshe kidogo: yule Nyongesa alilala! Alilala kabisa, sura ya pili, anakoroma, na Mzee Wekesa anamfinya. "Amka, ndugu yangu, amka, watatucheka." Nilicheka machozi yakatoka, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Kazi ya maktaba alipewa Rispa, msomaji wa Bondeni, na aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi. Nasema hivyo ingawa inaniuma mpaka leo. Mimi nilisoma pale uani miaka minne, bila ufunguo, bila cheo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kuna watu walijifunzia herufi hapo wakinichungulia begani. Mzee Wekesa alijifunza moja tu, W, akasema inamtosha. Na kila nilipogeuza ukurasa aliinama kidogo kuona kama ni mmoja. Mpaka siku ya mwisho alikuwa anainama. Sikumlaumu.

Sasa neno langu ni hili, mwanangu, na ulishike. Mtu asiyeona herufi akikuambia "nisomee", amekupa jina lake ulibebe. Atakwenda kusimama mbele ya watu na yale uliyompa, atahukumu nayo, atasamehe nayo au atakataa kusamehe. Usimchagulie cha kusikia. Lile unaloliona wewe ni refu na la kuchosha, hujui kwake ni nini. Kama huna muda, mwambie huna muda, atangoja, wazee tunajua kungoja. Na ukishakosea, sema siku ileile, mlango ungali wazi, usingoje mpaka mtu mwema aaibike kwa ajili yako. Na popote utakapoishi, wakikuita mkasome pamoja, nenda. Nimeona kwa macho yangu mji uliokuwa unaogopana ukikaa benchi moja kwa ajili ya mbwa aliyepotea ndani ya kitabu.

Mungu akupe macho yasiyochoka na sauti ambayo watu wataitegemea. Akupe Mwalimu Elisha wako wa kukunyang'anya ufunguo kwa wakati, na Mzee Wekesa wako wa kukusamehe. Na ukifika umri wangu, akupe mtu wa kukusomea bila haraka.

Haya, leta hiyo simu. Hizo salamu za shangazi yako ni za nani na nani? Anza mwanzo.